Mboga za Uani Hadi Sufuriani: Mwongozo wa Kulisha Familia kwa Bustani ya Nyumbani, Mtwara na Lindi

Bustani ya nyumbani huanzia jikoni. Kabla hujashika jembe, kaa na wenzako mnaokula sufuria moja mjue kwa wiki mnakula nini: ugali mara ngapi, wali mara ngapi, samaki siku zipi, majani siku zipi. Nalisisitiza hili kwa sababu bustani nyingi za uani ninazozijua huku kusini hupandwa kinyumenyume. Mvua za Desemba zikishika, mtu ananunua pakiti mbili za mbegu za mchicha na kuzimwaga zote siku moja. Januari mchicha unafurika hadi unagawiwa majirani, kisha unatoa maua na kukomaa. Ikifika Agosti nyumba hiyohiyo inanunua mafungu ya matembele yaliyonyauka sokoni, na bei imeshapanda.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia ya watu sita hivi yenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, iwe Mikindani, Lindi mjini, Masasi au juu kule Newala. Nia yake ni moja: kila jioni kuwe na kitu cha kuchuma, na kinachochumwa kipikwe vizuri.

Hatua ya kwanza: andika mboga za wiki

Chukua karatasi uandike siku saba. Mfano wa nyumba ya kawaida huku kwetu: Jumatatu ugali, mchicha na dagaa. Jumanne wali na mbaazi za nazi. Jumatano ugali wa muhogo na bamia. Alhamisi kisamvu. Ijumaa wali na mchuzi wa samaki wenye nyanya chungu. Jumamosi matembele, Jumapili majani ya kunde au ya maboga kwa karanga.

Sasa hesabu. Mlo mmoja wa mchicha au matembele kwa watu sita unataka karibu kilo moja ya majani yaliyochambuliwa, maana hunywea sana yakiingia motoni. Kisamvu nusu yake inatosha, kwa kuwa huongezwa nazi na karanga. Bamia robo tatu ya kilo. Mbaazi kavu nusu kilo, pamoja na wali. Ukiitazama karatasi hiyo utaona kwamba zaidi ya nusu ya wiki ni majani, na kwamba majani yenyewe ni ya aina mbili: yanayokua haraka na kuisha (mchicha, kunde), na yanayokaa miezi mingi yakichumwa (matembele, kisamvu). Nyumba iliyopanda aina ya kwanza peke yake hukaa njaa ya mboga kila kiangazi.

Hatua ya pili: tuta na maji

Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana maji yameshazama. Dawa yake iko chini ya mnazi. Chimba kitalu kwenda chini kama futi moja, upana mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga. Tandaza makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, funika kwa samadi iliyokwisha kupoa, kisha rudisha udongo, lakini acha kitalu kiwe chini kidogo kuliko ardhi inayokizunguka ili maji yakae. Wakati wa masika makali fanya kinyume, inua tuta, la sivyo mizizi itaoza.

Samadi ya kuku au mbuzi isitumike mbichi kwenye mboga za majani. Irundike, ilowanishe, ifunike kwa majani ya migomba na uiache miezi mitatu. Mbichi huunguza miche na inaweza kuleta vijidudu vya kuharisha mezani.

Walioko karibu na bahari waonje maji ya kisima kwanza. Kisima chenye chumvichumvi hakifai kwa maharage wala vitunguu, ila mchicha huvumilia zaidi. Wale wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ina thamani yake, wapande kwenye magunia. Simamisha gunia, weka katikati nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu, jaza udongo na samadi pembeni, toboa matundu ubavuni na upachike miche humo. Maji yanayomiminwa kwenye mawe hufika hadi chini, na gunia moja likitunzwa hubeba miche mingi kuliko mtu anavyodhani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini moja kwa moja. Ya sabuni nyingi yaachie migomba na mipapai.

Hatua ya tatu: panda kwa zamu

Huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukavu. Kwa hiyo mpango uwe na sehemu mbili.

Mchicha na majani ya kunde, panda kipande kidogo kila baada ya wiki mbili. Kipande cha kwanza kikifika wiki ya nne uko kwenye kuchuma, cha pili kinafuata, cha tatu kinachipua. Hii peke yake huondoa nusu ya tatizo la kukosa mboga. Changanya mbegu za mchicha na mchanga mkavu kabla ya kusia ili zisirundikane.

Matembele, kata marando ya urefu wa sentimita thelathini, fukia nusu yake, na baada ya wiki tano au sita anza kuchuma ncha. Yaweke pale maji ya bafuni au ya kuoshea vyombo yanapotiririka, yakiwa hayana sabuni nyingi, kwa sababu haya ndiyo yatakayokulisha Septemba.

Muhogo wa kisamvu uwe mtamu, kama vile Kiroba, na upandwe kando ya uzio usizibe jua la vitalu. Mbaazi pia ziende kwenye uzio: zikipandwa na mvua za mwanzo, kuanzia Juni utachuma mbichi. Bamia hutoa baada ya siku hamsini hadi sitini. Nyanya chungu, miche mitano tu inatosha familia, na ikimwagiliwa huzaa kwa miezi. Pilipili, shina moja au mawili karibu na mlango. Mlonge mmoja, ukatwe kila mara usiwe mti mrefu.

Nyanya sizipi kipaumbele kwa anayeanza. Zina magonjwa mengi wakati wa mvua, na sokoni mara nyingi zinapatikana. Eneo hilo lipe matembele.

Hatua ya nne: kuchuma

Chuma jioni kwa mlo wa jioni au asubuhi mapema kwa mlo wa mchana. Mboga iliyochumwa saa saba juani hunyauka kabla haijafika jikoni. Mchicha ukate juu ya majani mawili au matatu ya chini, ukiwa na urefu wa kiganja na nusu, utachipua tena mara kadhaa. Kung'oa na mizizi ni kula mara moja kitu ambacho kingekulisha mara tatu. Kunde usichume majani yote ya shina moja, au utakosa kunde zenyewe. Bamia zikaguliwe kila baada ya siku mbili: ikizidi urefu wa kidole cha kati imeshaanza kuwa na nyuzi, na ikiachwa ikomae shina linapunguza kuzaa.

Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi watu wa korosho. Mikorosho ikianza kuchanua, salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, hupulizwa na upepo hauchagui kitalu. Siku ya kupuliza, chuma mboga zako mapema kabla mashine haijawashwa, au funika vitalu. Mboga iliyopata vumbi la salfa ioshwe kwa maji zaidi ya mara moja. Dawa za maji zinazopigwa kuua mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi yake, ni jambo zito zaidi: hizo zisitumike kabisa kwenye mchicha wala bamia, hata kama kopo limebaki na dawa kidogo na wadudu wamekuzidi. Kopo lenyewe lisigeuzwe kuwa la kumwagilia. Kwa vidukari, nyunyiza majivu ya kuni majani yakiwa na umande, au ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja na upulize jioni. Kisha osha vizuri siku ya kupika.

Hatua ya tano: jikoni

Kanuni za majani laini ni chache. Osha kabla ya kukata, siyo baada, kwa sababu jani lililokatwa hutoa virutubisho vyake kwenye maji ya kuoshea. Usichemshe ukamwaga maji. Usitie magadi ili yabaki na rangi nzuri, huharibu vitamini. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka viive kabisa, tia majani, geuza, funika dakika tatu hadi tano, epua yangali na uhai. Majani ya maboga yanahitaji kuchunwa nyuzi kwanza: vunja ncha ya kikonyo, vuta nyuzi kuelekea chini ya jani. Kazi hiyo watoto huipenda, wape.

Kisamvu ni habari nyingine kabisa, na nitakaa hapo kidogo.

Chuma ncha na majani matatu manne ya juu, yale laini. Zunguka mashina mengi ukichukua kidogo kila shina, kwani muhogo uliopukutishwa majani haunenepi chini. Ondoa vikonyo, osha majani yakiwa mazima. Tia kinuni kidogokidogo pamoja na punje mbili za kitunguu saumu na chumvi kidogo. Twanga kwa mchi mzito mpaka majani yawe kama uji mzito wa kijani, ukiyabana kati ya vidole usisikie nyuzi. Kutwanga huku hakufanywi kwa ajili ya ulaini tu. Jani la muhogo lina kitu ambacho, likipondwa, hugeuka kuwa sumu iitwayo sayanidi, nayo hutoka na mvuke. Kwa hiyo twanga sana, kisha chemsha kwa maji ya kutosha kwenye sufuria isiyo na mfuniko, mahali penye hewa. Anayekikatakata kwa kisu, akakifunika na kukiepua baada ya dakika kumi, anaila sumu hiyohiyo aliyopaswa kuiacha iende zake. Mimi hukiacha motoni dakika arobaini na tano hadi saa nzima, mpaka kijani kile cha kung'aa kigeuke kuwa kizito na maji yakaribie kukauka.

Kinapochemka, chukua nazi moja kubwa uikune. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja: hilo tui zito, liweke pembeni. Rudisha machicha, vikombe viwili vya maji, kamua tena: hilo tui jepesi. Kaanga nusu kikombe cha karanga, pepeta maganda kwenye ungo, twanga. Chagua karanga kwa macho makali, maana iliyoota ukungu au kusinyaa inaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika. Kwa mbegu nzuri tumebarikiwa: kituo cha utafiti cha Naliendele, hapahapa Mtwara, kilitoa mwaka 2009 aina za karanga zilizopewa majina ya kwetu, Masasi, Nachingwea, Mangaka, Mnanje na Naliendele yenyewe.

Maji yakikauka mimina tui jepesi kwenye kisamvu, tia kitunguu na nyanya moja au mbili zilizokatwa, acha vichemke dakika kumi. Koroga karanga na tui kidogo kwenye bakuli kwanza ili zisifanye madonge, kisha zimimine. Punguza moto. Mwisho kabisa tui zito, na kuanzia hapo usiache mwiko: koroga taratibu, likifurukuta kwa nguvu tui hukatika na mboga hutoa mafuta juu. Dakika tano, epua. Kisamvu hiki kikilala ni kitamu zaidi, alimradi kipashwe moto mpaka kichemke asubuhi yake.

Mbaazi mbichi hazihitaji mambo mengi. Menya, chemsha na chumvi dakika ishirini hadi thelathini, tia tui jepesi, pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha tui zito. Zilizokauka loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya na usitie nyanya wala ndimu kabla hazijaiva, kwa sababu uchachu huzifanya zibaki ngumu. Nazi ikikosekana, twanga korosho zilizovunjika, ambazo ni za bei nafuu kuliko nzima, changanya na maji ya moto na zitaziba nafasi ya tui vizuri sana.

Bamia hufuata wanaokula. Wanaotaka iteleze kwa ugali wa muhogo, ikatwe ndogondogo, ichemshwe na maji kidogo na ipigwe kwa mwiko, itiwe dagaa waliokaangwa kwa mbali. Wasiotaka mtelezo waikaange ikiwa kavu kabisa, iliyooshwa na kufutwa kabla ya kukatwa, na watie ukwaju au embe bichi. Kwenye mchuzi wa samaki, nyanya chungu zipasuliwe mara mbili na zitangulie kuingia kabla ya samaki, maana changu au tasi akipikwa sana hupukutika na mchuzi hujaa miiba.

Hatua ya sita: ugali wa muhogo na usalama wake

Mboga nzuri juu ya ugali usio salama ni hasara. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafla na hauponi, umewahi kuwapata watu wa mkoa wa Mtwara, na chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa miaka ya ukame ambapo muhogo huwa mchungu zaidi na kitoweo ni haba. Makopa, yaani vipande vya muhogo vya kusagia unga, yakaushwe vizuri, na unga ukishasagwa, ufanyie hivi kabla ya kusonga.

Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama pale ulipofikia. Ongeza maji kidogokidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utaanza kupanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka safi au sinia kubwa, unene usiofika sentimita moja, uuache juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu ileile ya sayanidi huondoka na hewa. Kisha songa ugali siku hiyohiyo kwa maji yanayochemka kama kawaida. Ladha haibadiliki kwa ubaya, na mpishi hapotezi kitu ila muda wa kusubiri ambao anautumia kutwanga kisamvu.

Hatua ya saba: sahani ya mtoto na ya mama mjamzito

Mboga za majani zina madini ya chuma, lakini mwili huyachukua vizuri yakiliwa na kitu chenye vitamini C. Kamulia ndimu mezani, baada ya kuepua, au mpe kila mtu kipande cha papai, pera au bibo baada ya kula. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia chuma. Mafuta ya nazi na karanga nayo yana kazi: vitamini A ya kwenye majani na viazi lishe haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya, mpondee viazi lishe au boga na majani laini ya mchicha yaliyoiva, tone la tui, na dagaa waliosagwa. Mpakulie kwenye sahani yake. Mkono mdogo haushindani na mikono ya wakubwa kwenye sinia, hasa kwenye kitoweo.

Hatua ya nane: kukausha kwa ajili ya Septemba na Oktoba

Machi na Aprili majani ya kunde huwa mengi kupita mnavyoweza kula. Hapo ndipo pa kukausha. Chuma majani machanga, osha, yatie kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili, yatoe, yachuje. Yatandaze kwenye ungo au chandarua safi, tabaka moja, kivulini penye upepo. Jua kali huyanyang'anya vitamini A na kuyafanya yawe ya kahawia. Kama mvua bado zinanyesha, kichanja cha juu ya jiko kinafaa, mbali na moshi mzito. Yageuze mara mbili kwa siku. Yamekauka pale yanapovunjika mkononi kwa mlio, yakipindika bado. Yakipoa kabisa yatie kwenye ndoo au chupa yenye mfuniko unaobana, uandike mwezi, uweke pakavu na pa giza. Fungua kila baada ya wiki mbili uyanuse. Yakitoa harufu ya ukungu yatupe yote, usichague.

Majani ya mlonge hayachemshwi. Yakaushe kivulini, yasugue kwa mikono, chekecha vijiti, na unga wake utie kijiko kidogo kwenye uji au kwenye mbaazi.

Siku ya kupika majani makavu ya kunde, chukua konzi tatu kwa watu sita, loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, yachemshe kwa maji hayohayo ya kulowekea mpaka yalainike, kisha endelea kama kisamvu: tui jepesi, karanga, tui zito mwisho. Kipande cha ng'onda, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, kilichochomwa na kunyambuliwa kikiingia pamoja na tui jepesi, mboga hiyo inatosha ugali bila kitoweo kingine.